Kioo Asichokifunika Bi Kalyna

Bi Kalyna Dovhan alikuwa amefunika kila kioo nyumbani kwake katika mji wa bandari wa Izmail. Ukutani nyuma yake taulo la maua lilining'inia juu ya kioo kikubwa, na hata televisheni ilivikwa shuka. Mumewe Ostap alikuwa amefariki na arobaini yake ilikuwa haijafika. Huku kwetu Galați, nchi jirani, nasi hufunika, ili roho ijiendee zake isije ikanasa humo. Kompyuta ndiyo hakuifunika. Angeifunikaje, na kesi yake ilikuwa inasikilizwa humohumo?

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa usuluhishi, na kesi ile ilinichefua tangu mwanzo. Ostap alimuuzia ngano Lefteris Mavrakis wa Thesaloniki, rafiki yake wa miaka mingi wa kula na kunywa. Bandari ikapigwa makombora, ngano ikateketea. Kwa mkataba wao, muuzaji aliyezuiwa na vita hadaiwi kitu, mradi amjulishe mnunuzi siku ileile. Asipomjulisha, ghala lake linachukuliwa na mnunuzi. Kalyna aliapa kwamba Ostap alipiga simu. Lakini wiki iliyofuata kombora jingine lilimzika Ostap kwenye kifusi, yeye na simu yake.

"Shemeji, nakuonea huruma," alisema Lefteris kutoka kwenye kisanduku chake cha skrini, kikombe cha kahawa mkononi. "Lakini sikupigiwa. Nami nimeumia pia."

"Umeumia wapi? Si umenenepa!"

"Bi Kalyna, tafadhali," nikamkanya, ingawa kunenepa alikuwa amenenepa kweli.

Mara umeme ukakatika Izmail. Chumba kikawa giza, ukabaki uso wa Kalyna ukimulikwa na kompyuta. Nikamuuliza Lefteris kwa mara ya mwisho kama Ostap alimpigia.

"Hakunipigia."

Nyuma ya Kalyna kiti kikaburutwa. Sote tulisikia. Mwanamume akaketi, koti lake limejaa vumbi jeupe la kifusi, akakunja mikono kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Kalyna alimwona kwenye skrini, akageuka upesi. Kiti kilikuwa kitupu. Akarudisha macho kwenye skrini, na mumewe alikuwa bado ameketi, akimkodolea macho Lefteris.

Kikombe kikamponyoka Lefteris.

"Alinipigia! Aliniambia, 'Ngano imekwisha, ndugu yangu, nisamehe.' Nikamwambia pole. Haya, nimesema! Mwambieni asinitazame!"

Nikatoa uamuzi papo hapo: taarifa ilitolewa, ghala ni la akina Dovhan. Ostap akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaingia gizani. Lakini yeye hakumtupia mkewe jicho hata mara moja.

Kalyna akaruka na kulivuta lile taulo. Ndani ya kioo mlikuwa na uso wake, mwanga hafifu wa kompyuta, na kiti kitupu. Akalivua shuka la televisheni, kisha tukamsikia akikimbia chumba hadi chumba, akifunua vioo.

"Ostap! Na mimi je?"

Nilitakiwa kufunga kikao. Nikakiacha wazi.

Alirudi akihema, akausogeza uso wake uliolowa machozi karibu kabisa na kamera.

"Lefteris, shemeji yangu," akasema, "nakuomba, sema tena hakukupigia."