Salamu Juu ya Nyimbo Zangu

Tak-tak. Vifungo viwili kwa pamoja, gizani, chumba cha mbele.

Nilikuwa jikoni, magharibi imeingia na taa sijaiwasha. Nikasimama na mwiko mkononi. Redio kaseti yetu ukiipiga wimbo hulia tak moja. Tak-tak ni kurikodi.

Nikenda mbio. Shemeji yangu Jecha, mdogo wa mume wangu, kaipakata redio kama kaizaa yeye; aliponiona akaisimamisha. Mama mkwe, Bi Bimkubwa, yuko mkekani na mwanangu Moza, anasafisha koo.

"Tunamrikodia Mmanga salamu," Jecha akasema. "Kuna mtu anaondoka kesho kwenda Maskati."

Mume wangu Mmanga yuko Maskati mwaka wa pili sasa. Salamu zetu huenda kwa kaseti, naye hutujibu juu ya kaseti ile ile, akairudisha na mtu.

"Kaseti gani hiyo?"

"Iliyokuwamo. Hapa Konde kote hakuna tupu."

Iliyokuwamo ni yangu! Bi Conchesta, mwalimu wetu wa madarasa ya jioni, alinirikodia nyimbo kumi na mbili, sita huku na sita huku, kabla hajahamishiwa Bara. Vijino vya nyuma ya kaseti, vinavyoruhusu kurikodi, nilivivunja kwa mkono wangu ili isifutike. Jecha kaviziba vitundu kwa karatasi ya sigara. Akili yote aliyojaaliwa kaimaliza hapo.

"Vijinyimbo vya Kizungu tu, shemeji. Vyote sauti moja."

Sauti moja! Mtu kakaa Unguja wiki sita, karudi na suruali ya kufagilia njia, na kila neno ni "tulipokuwa mjini". Kwake muziki mzuri ni ule unaotikisa vikombe kabatini.

Wimbo wangu wa kwanza, wa soul ya Kimarekani, mwanamume anaimba kwa sauti nyembamba kuliko yangu, anaomba msamaha, na wenzake nyuma wanamwitikia kama wanaomsindikiza kwenda kuposa. Wa tatu ni disko. Nikiupiga nafua rundo zima la nguo na kiuno kinasahau kuniuma. Upande wa pili zimo zile za gitaa la pole. Kuna mmoja Moza alipokuwa na homa nilimwimbia mpaka akalala. Nusu ya maneno yake nimeshayajua. Nusu nitayajua, inshaallah, kamusi ninayo.

"Haya, nipe maana ya mmoja tu," Jecha akacheka.

"Maana nikupe weye? Uliyetia betri kichwa chini ukatutangazia redio imekufa, tukakaa siku tatu kimya kama wafiwa?"

Bi Bimkubwa akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, Mmanga hajaisikia sauti yangu tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi."

Mama wa mtu kakaa mkekani anamtaka mwanawe. Mie pia ni mama.

"Basi upande huu, mama. Wa pili usiguswe."

"Wa pili nautaka mie," Jecha akadakia. "Nimtajie Mmanga saa, viatu, na kofia."

"Mtajie na kichwa cha kuivalia."

Bi Bimkubwa akamnyamazisha kwa mkono. Upande wa pili ukasalimika. Lakini Mmanga akijibu? Ataigeuza kaseti, atabonyeza, na gitaa langu lote litakwenda chini ya "nami huku mzima".

"Basi nimwambie asifute, mama."

"La. Salamuni hapalalamikiwi. Mtu yuko ugenini, asikie tu kuwa tu wazima."

Ndiyo desturi ya nyumba hii. Mwaka jana paa lilivuja, Mmanga akaambiwa mvua zimekuja vizuri.

Nikawasha taa, nikakaa. Jecha akabonyeza tena, tak-tak. Bi Bimkubwa akasalimu, akawataja wajukuu, majirani, mpaka mbuzi. Jecha akasalimu kwa sauti ya mtangazaji. Mie nikasema niko mzima, nasoma, namngoja. Yote kweli, na wimbo wa tatu ukawa unakwenda chini ya maneno yangu mwenyewe.

Jecha akamsogezea Moza redio. "Sema: Baba shikamoo, sote wazima."

Moza akaitazama redio, kisha akanitazama mie.

"Baba, usifute nyimbo za mama."