Shoti Isiyokuwepo

Zahanati ilikuwa na ambulensi moja, na tangu asubuhi ilikuwa imesimama uani, usukani wazi, betri imetolewa, nyaya zikining'inia. Fundi umeme alilala chali chini ya dashibodi. Ukuta mmoja tu ulimtenga na mkewe, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana. Mtoto amekaa vibaya, sista alisema. Lazima apelekwe hospitali kubwa, ng'ambo ya milima, kabla jua halijazama.

Injini ilikuwa nzima. Kilicholizuia gari ni taa nyekundu ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka kutoka kwenye usukani kumkinga dereva ajali ikitokea. Dereva aliyetangulia aliendesha taa ile ikiwaka. Siku alipogonga lori, mfuko haukufumuka, akafia kwenye usukani. Tangu hapo taa ikiwaka sista hatoi ufunguo, hata umpigie magoti. Fundi alikwisha kumpigia.

"Shemeji, umelala au unafanya kazi?" Dereva wa sasa aliinama kwenye mlango wa gari. Alikuwa kaka wa mkewe fundi, na watu walimwita Breki, kwa kuwa alikanyaga breki hata kuku akiwaza tu kuvuka barabara.

"Ni shoti."

"Nusu saa iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Na bado ni shoti!"

Umeme wa mfuko hupita kwenye utepe mwembamba uliozungushwa ndani ya usukani. Fundi alikuwa amechomoa plagi za manjano za pande zote mbili, akapima kwa mita ya umeme, nayo ikalia: nyaya mbili za mfuko zinagusana. Akaugeuza utepe, akapima, mita ikalia tena. Kutoka ndani mkewe alipiga ukelele uliokatika katikati. Fundi akachukua wembe, akaupasua utepe kutoka mwanzo hadi mwisho ili aione shoti kwa macho yake.

Hakuiona. Kila waya ulikuwa umelala kwenye plastiki yake, safi.

Aliinua plagi hadi usoni. Ndani yake kulikuwa na kibati kidogo chenye springi. Plagi ikichomolewa, kibati hushuka na kuziunganisha nyaya mbili makusudi, umeme wa kupotea usije ukaulipua mfuko mikononi mwa fundi. Akakisukuma juu kwa kijiti. Mita ikanyamaza. Shoti aliyoiwinda asubuhi nzima aliitengeneza mwenyewe, kila alipochomoa plagi ili aitafute.

Kasoro halisi ilikuwa kutu kwenye pini moja ya plagi. Aliifuta kwa kitambaa, ikang'aa. Lakini utepe, uliokuwa mzima, sasa ulikuwa vipande, na mwingine wa gari kama hilo ulipatikana mjini tu, ng'ambo ya milima.

"Breki," aliita. "Nimeuharibu."

Alimweleza yote bila kujitetea. Kisha akatoa mfukoni rizista, kidude kidogo kuliko punje ya mchele. "Nikiifunga hii, kompyuta ya gari itadhani mfuko upo. Taa itazima. Mfuko hautakuwepo. Honi pia imekufa, ilipitia utepe huohuo."

"Honi nayo? Kwenye kona zile?"

"Nayo."

Breki alitazama ukuta. Nyuma yake dada yake alikuwa anamwita mama yao, ambaye alikuwa amekufa zamani.

"Anayekaa mbele ya usukani ni nani?"

"Wewe peke yako."

"Basi funga."

Fundi alifunga, akarudisha kifuniko na betri. Sista akaja na ufunguo, akauzungusha mwenyewe. Taa nyekundu iliwaka, ikatulia kidogo, ikazima, kama inavyotakiwa.

"Imepona?" alimuuliza fundi.

Fundi alifungua kinywa.

"Si unaona imezima, sista?" alisema Breki. "Mleteni mgonjwa."

Walimleta kwenye machela, midomo imepauka. Fundi akapanda nyuma, akashika chupa ya dripu. Kupitia kidirisha alimwona shemeji yake akivuta kiti nyuma, mbali na usukani, akajaribu pedali, akavuta tena, mpaka miguu ikawa inazifikia kwa ncha za vidole. Kisha Breki akafunga mkanda, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukambana kifuani, na bila kupiga honi akaliondoa gari uani.