Vidonge vya Bashiri

Mguu wa Bashiri ulikatwa Jumatatu, baada ya shimo la dhahabu kumwangukia kule Namungo. Kufika Alhamisi mguu huo huo, ambao haupo tena, ulikuwa unamuunguza vidole. Mkewe Mwanne, aliyekuwa akimuuguza wodini Nachingwea, aliangalia shuka lililolala bapa chini ya goti.

Nesi Makrina alimweleza polepole, maana Kiswahili cha Mwanne kilikuwa cha sokoni. "Mama, ile sindano kali tunaipunguza. Akiizoea itakuwa shida nyingine. Ndiyo maana daktari ameongeza vidonge hivi, vinatuliza mishipa ya fahamu. Umpe asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja."

Mwanne alivitazama. Alivijua. Mtoto wa jirani yake Ashura, huko kwao Nkowe, alimeza hivyo hivyo kwa ajili ya kifafa, na tangu vionekane hakuna aliyekwenda kuposa nyumba ile. Dada wanne wa mtoto huyo wamekaa tu, wazuri kama nini, watu wanapitia mbali. Na Saada, binti yake Mwanne, alikuwa ameshaposwa na watu wa Lionja. Harusi ilikuwa baada ya msimu wa korosho.

Angeuliza tu! Swali moja, nesi angemjibu. Lakini Mwanne alikuwa mtu wa kujiamulia mambo kimya kimya, na hiyo akaiita akili. Vidonge vikaenda chooni, viwili kila siku.

Sindano zikapungua kama walivyopanga. Bashiri, mwanamume aliyewahi kung'olewa jino akarudi kiwanjani kumalizia mechi, akalia mbele ya wodi nzima. Aliuma shuka mpaka likatoboka. Mwanne alimpepea, akamfuta jasho, akajichukia. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atampa. Halafu mawazoni alimwona Saada kwao, hajaolewa, nywele zimeota mvi, na miguu ikampeleka chooni.

Jumatano iliyofuata wakwe walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mwamina, mama wa bwana harusi, ndiyo kwanza amekaa ukingoni mwa kitanda, Makrina akaingia na faili.

"Mama Saada, leo wiki nzima. Vile vidonge anameza kweli? Kama anameza na bado analia hivi, daktari ataviondoa. Hana kingine cha kuongeza."

Mwamina akageuka. "Vidonge gani tena, mkwe?"

Mwanne akainama kunyoosha shuka.

"Nameza, sista," Bashiri alisema kwa sauti iliyokauka. "Vya maumivu tu hivyo, mkwe. Nameza asubuhi na jioni. Havinisaidii."

Mwanne alimtazama. Kumbe alijua siku zote, na sababu aliijua, na hakusema. Alitamani ardhi immeze. Makrina akavipigia vidonge mstari kwenye faili, akaenda kitanda cha pili. Mwamina akauliza habari za ufuta wa Nkowe, na Bashiri akajitahidi kumjibu, meno yakigongana.