Neno Refu Kuliko Jiwe

Neno lenyewe lilikuwa refu kuliko jiwe. Fundi wa mawe alilipima mara mbili kwa rula ya chuma, akalipima tena kwa shubiri, kana kwamba mkono ungelionea huruma. Mwishowe akampigia simu binti wa marehemu aje ajionee kwa macho yake.

Binti alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, vumbi la chaki likiwa bado kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, wale wanaounganisha ba na ba wakapata baba, halafu wanakuangalia kama wamevumbua moto. Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameandamana naye. Tangu msiba, miezi minne sasa, hakupenda kubaki nyumbani peke yake, na tena, kama alivyosema mwenyewe, jambo la dada yake halitapita bila yeye kulitia mkono.

Karakana ilikuwa banda la mabati. Unga mweupe wa mawe ulikuwa umetanda kila mahali: juu ya redio, juu ya birika, hata kwenye kope za fundi. Jiwe la kaburi la mama lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili, limesuguliwa hadi linang'aa. Jina na miaka vilikuwa vimeandikwa kwa penseli, vimekaa vizuri katikati. Chini yake kulikuwa na herufi zilizoanza kwa kujinafasi, halafu zikabanana ukingoni kama watu waliokimbilia kibaraza kidogo wakati wa mvua: INDEFATIGABLE.

"Herufi kumi na tatu," fundi alisema. "Kwa ukubwa huu wa jina, jiwe linabeba tisa. Sasa mwalimu, nizipunguze ziwe kama sisimizi, au nilivunje neno, nusu juu nusu chini? Nikilivunja pasipo pake, watu watasema fundi hajui kusoma."

"Unajua maana yake?"

"Mimi nachonga tu. Kaka yako aliniandikia kwenye karatasi, na mimi nikalifuata herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe."

Mama Mdogo aliinama, miwani ikining'inia puani. "I-nde… Inde-fa… Hili ni neno au ni treni? Mbona mabehewa hayaishi?"

"Maana yake ni mtu asiyechoka," binti alisema.

"Si angeandika hivyo basi."

"Kaka anasema Kiingereza kina uzito."

"Uzito upo tayari," fundi alisema, akaligonga jiwe kwa kidole.

Binti hakucheka. Alilichukia neno hilo tangu siku ya kwanza kaka yake alipolituma kwa simu: *Nimempatia mama neno lake.* Ilimbidi afungue kamusi. Lilimkera kama mgeni anayeingia jikoni na viatu vilivyong'arishwa, akasimama katikati, asiguse kitu, na kila mtu akalazimika kumzunguka. Lakini alijibu ndiyo. Kaka ndiye mkubwa, ni mhadhiri wa chuo kikuu katika mji wa mbali, na ukoo mzima ulikuwa ukimwita Profesa tangu akiwa na miaka kumi. Na yeye binti alikuwa ametoka kwenye miezi kumi na minne ya kumgeuza mama kitandani, kumlisha, kumwosha, kisha kukimbilia darasani. Mtu akichoka kiasi hicho, "ndiyo" huwa fupi kuliko "hapana".

"Fikirieni vizuri," fundi alisema. "Kesho asubuhi nashika tindo. Penseli inafutika kwa kitambaa. Tindo ikishapita, hata nikilia siwezi kuirudisha."

Kaka, waliyekuwa wakimsubiri, alifika karakanani kabla jua halijashuka, mkoba begani, kutoka safarini. Akawasalimu, akampa Mama Mdogo mkono kwa mikono miwili, kisha akasimama mbele ya jiwe.

"Zipunguze herufi, fundi," alisema. "Neno lisiguswe."

"Profesa," Mama Mdogo alisema, "kwani umemwandikia nani? Mimi hapa, meno yangu ya bandia yatadondoka kabla sijafika mwisho."

Kaka alitabasamu. "Mama Mdogo, nimelitafuta wiki nzima. Yapo maneno mepesi ya maana hiyo hiyo, niliyaona hayamtoshi. Mtu kama yule nimpe neno la kila mtu?" "Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akisema amechoka. Hata mara moja."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

Mama alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Jioni akirudi alikuwa haingii ndani moja kwa moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akalegeza kamba za viatu, miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira, akabaki hapo ameegemea ukuta. "Nipe dakika, mwanangu," alikuwa akimwambia binti. "Leo nimechoka mpaka nywele." Kisha simu ingelia, kaka akipiga kutoka shule ya bweni, baadaye kutoka chuoni, na mama angejinyoosha, akasafisha koo, akajifuta uso kana kwamba simu ina macho. "Mimi? Mimi mzima kama chuma. Wewe soma." Akicheka humo humo. Simu ikikatika, mwili nao ulikatika. "Usimwambie kaka yako," alikuwa akisema. "Ana mitihani." Mitihani ikaisha, ikaja kazi mpya, ikaja harusi, akaja mtoto. "Usimwambie" ikabaki pale pale.

Binti aliangalia penseli kwenye jiwe. Akinyamaza, mama yake atalala chini ya jiwe la mtu mwingine, mwanamke wa chuma ambaye hakuwahi kuwepo. Akisema, atamnyang'anya kaka mama pekee aliyekuwa naye. Na tena alikuwa ameahidi.

"Mimi nilimsikia," alisema.

Kaka aligeuka. "Ulimsikia nini?"

"Akisema amechoka."

"Lini?"

"Kila siku."

"Labda mwishoni, alipougua."

"Hapana, kaka. Tangu uko kidato cha pili."

Kaka alimtazama Mama Mdogo, kama mtoto anayetafuta mtu mzima wa kumtetea. Mama Mdogo akavua miwani. "Sote tulijua, baba," alisema taratibu. "Wewe tu ndiye hukuambiwa. Alitaka hivyo."

"Wenzake wa kufulia watakuja kuliona jiwe," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuwa na nguvu ya kuipaza. "Wataniuliza neno hili ni nini, na mimi nitawaambia ni mtu asiyechoka. Wao ndio waliokuwa wakimshika mkono kupanda ngazi. Ukiandika kwamba hakuchoka, ni kama kazi ile haikumtoa kitu. Ilimtoa kila kitu, kaka. Asiyechoka mimi simjui. Ninayemjua mimi alichoka, na saa kumi na moja alfajiri akaamka."

Redio ilikuwa ikiongea peke yake. Fundi akaizima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Na sasa?"

"Sasa na mimi nimechoka."

Kaka alikuwa na sura ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta chumba ambacho hakukijua. Akanyoosha mkono kwa fundi, akaomba kitambaa. Fundi akakichovya kwenye ndoo, akakikamua, akampa. Kaka akalifuta neno mwenyewe, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, mkono wa shati lake jeupe ukigeuka kijivu. Halafu akaweka kitambaa chini, akatoka nje bila kumwangalia mtu.

"Sasa niandike nini?" fundi aliuliza kwa upole.

Mama Mdogo akasema liwe Kiswahili, hata yeye asome. Binti akachukua penseli, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni wa darasa la kwanza, akaandika: *Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja.*

"Hili nalo refu," fundi alisema, akikuna kichwa. "Ila hili lina pa kukatia."

Mama Mdogo akalisoma lote kwa sauti, bila kusimama, akamaliza akiwa amejishika kiuno.

Binti akatoka. Kaka alikuwa amesimama kando ya barabara, karibu na mawe ambayo hayajachongwa, mikono mfukoni. Binti alitamani kumwambia samahani, lakini hakujua samahani ya nini hasa. Akakaa juu ya jiwe moja.

"Kwa hiyo kwenye simu alikuwa anajikaza," kaka alisema.

"Alikuwa anajikaza."

"Na mimi nilikuwa namshikilia simuni nusu saa nzima. Namhadithia walimu, vitabu, vyakula vibaya vya bweni." Akainamisha kichwa. "Ningekuwa nampigia simu fupi."

"Asingekubali," binti alisema. "Ukikata mapema, alikuwa anauliza kama umekasirika."

Kaka akaja akakaa kwenye jiwe la pembeni, unga mweupe ukamshika suruali, wala hakujipangusa.