Mfunua Kurasa

Tangu asubuhi sikuweza kutulia mahali pamoja. Nilikiacha kiti nikaliendea dirisha, nikaliacha dirisha nikauendea mlango, na kila nilipogeuka nilimkuta mjukuu wangu mbele ya piano ileile, akirudia kipande kilekile cha wimbo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekataa kuitika.

"Babu, keti. Utanitobolea sakafu."

"Sakafu ni ya chuo."

"Na wasiwasi ni wangu. Nirudishie."

Huyu ni binti wa mwanangu wa kwanza. Alikuwa ametunga nyimbo saba za sauti ya kike na piano, nyimbo zinazofuatana kama sura za kitabu kimoja na ambazo hazipigiwi makofi mpaka ya mwisho iishe. Zinasimulia mamlaka ya wanaume ndani ya nyumba, na mwanamke anayetaka kuwa na neno lake mwenyewe. Mimi niliyefundisha muziki shuleni mpaka mvi zikaja kunistaafisha ndiye niliyemketisha mara ya kwanza mbele ya kinanda, miguu yake ikining'inia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ikiwa kweli yenyewe inanisifu, kosa si langu.

Muziki huo siupendi. Mna humo nota mbili za jirani zinazopigwa kwa pamoja, zikazozana kama mawifi jikoni. Nilimwambia hivyo siku za kwanza.

"Mbona husemi kama mashemeji sebuleni?" akaniuliza. Hata hivyo, ni kazi iliyojengwa. Hakuna nota iliyowekwa kwa uvivu, na kazi iliyojengwa naiheshimu hata pale masikio yangu yanapoomba radhi.

Alikuwa amenipa jukumu la kumfunulia kurasa. Mfunua kurasa huketi kushoto kwa mpigaji, nyuma kidogo. Haimbi, hakohoi, wala hapigi mguu chini. Hata kama anazisoma nota vizuri kuliko mpigaji mwenyewe, haruhusiwi kufunua mpaka aone kichwa cha mpigaji kimeinama. Katika mazoezi nilikitangulia kichwa hicho zaidi ya mara moja.

"Babu, ngoja."

"Najua ulipofika."

"Najua unajua. Ngoja hata hivyo."

Wasiwasi wetu ulitokana na wimbo wa tano. Maneno yake ni haya tu: *Katika nyumba hii msemaji ni mmoja.* Mwimbaji huyatoa kutoka chini kabisa ya koo lake, akayarudia, na kila anaporudia neno moja huanguka, mpaka ibaki pumzi. Maneno hayo ni ya mwanangu. Alimwambia binti yake mezani, binti alipokataa kuacha muziki ili aolewe na mtoto wa mshirika wake wa kazi. Nilikuwapo, kijiko mkononi. Katika nyumba yangu mimi maneno kama hayo hayakuwahi kuhitajika. Ilikuwa ikijulikana tu.

Mwimbaji wetu tulimwita Chiriku, jina alilolipata kwa ulimi wake kabla ya sauti yake. Aliuimba wimbo huo saluni huku akisukwa, na kutoka saluni hadi masikioni mwa mwanangu si safari. Saa ya onyesho ilipokaribia, mwanangu alitukuta katika chumba cha nyuma ya jukwaa, suti imemkaa sawasawa. Mwanangu ni mkandarasi wa barabara, na huingia chumbani kana kwamba kesho kitabomolewa.

"Shikamoo, baba," akaniamkia.

"Marahaba."

"Huo wimbo wa tano hauimbwi."

"Jina lako halimo, baba," mjukuu wangu akasema.

"Kidonda changu nakijua hata kikiguswa gizani! Nimekuja na wenzangu wa kazini. Unataka univue nguo mbele yao?"

"Usijali, mzee," Chiriku akadakia. "Nitaimba nimefumba macho. Sitakuona ukiwa hujavaa."

"Wewe nyamaza!"

"Haya. Hayo sasa ndiyo maneno ya wimbo wa nane," Chiriku akanong'ona.

Mwanangu akanigeukia. "Baba, wewe ndiye mkubwa wetu. Nikikataza mimi itakuwa vita. Ukisema wewe, yamekwisha. Sema."

Nilifungua kinywa. Sentensi nilikuwa nayo tayari, imenyooka kama rula: kwamba kazi iliyoandikwa huimbwa kama ilivyoandikwa, na kwamba yeye akakae ukumbini na midomo yake ikae pamoja naye. Ilikuwa sentensi nzuri. Mjukuu wangu akanivuta mkono wa koti.

"Babu, usiseme."

"Nakutetea!"

"Najua. Lakini ukiamuru wewe, kesho watasema babu ndiye aliyemruhusu. Sitaki kuruhusiwa, babu. Si na yeye, wala si na wewe."

"Basi mimi nifanye nini?"

"Unifunulie kurasa."

Katika umri wangu wote sikuwa nimezibwa mdomo kwa upole namna hiyo. Nikasema "sawa", kwa sauti ambayo haikuwa sawa hata kidogo.

"Makubwa!" mwanangu akacheka bila furaha. "Mzee mzima kapewa ukarani." Akatoka, akaenda kuketi mstari wa mbele.

Onyesho likaanza. Feni ya dari ililalamika, viti vikalia, watu wakajipepea kwa karatasi za ratiba. Baada ya wimbo wa kwanza mmoja wa wenzake mwanangu akapiga makofi peke yake, akapigwa kiwiko na mkewe, akaacha. Mimi nilisimama, nikafunua, nikaketi. Macho yangu yalikuwa kwenye kichwa cha mjukuu wangu, lakini mgongo wangu wote ulikuwa ukimsikiliza mwanangu. Wimbo wa pili. Wa tatu. Sentensi yangu ilikuwa bado mdomoni, imeanza kuwa chungu.

Wimbo wa nne ukaisha. Katika ule ukimya ambao mtunzi ameuandika kwa makusudi, mwanangu akasimama.

"Hapo panatosha," akasema. "Baba, mwambie aishie hapo."

Ukumbi mzima ukanitazama. Nilikuwa nimeshika ncha ya ukurasa, mzee mwenye koti kuukuu, nao wakanitazama mimi. Mwenye kutunga kila nota waliyoisikia alikuwa ameketi palepale karibu yangu, na hakuna hata mmoja aliyemgeuzia jicho. Chiriku alikuwa amenyamaza kweli, pengine mara ya kwanza tangu azaliwe. Walikuwa wakingoja niseme ndiyo au niseme hapana, na nadhani lolote kati ya hayo mawili lingewaridhisha.

Nikaimeza sentensi yangu. Haikushuka kwa urahisi.

Mjukuu wangu akajifuta viganja kwenye gauni lake. "Baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, "keti au toka. Sisi tunaendelea."

Kisha kichwa chake kikainama. Nikafunua.

Chiriku aliimba kutoka chini kabisa. Msemaji ni mmoja, msemaji ni mmoja, na maneno yakaanza kuanguka. Mwanangu hakuketi, kwa kuwa kuketi kungekuwa kutii. Hakutoka pia, kwa sababu hiyohiyo. Alisimama kama nguzo iliyosahauliwa na wajenzi huku maneno yake mwenyewe yakipungua mbele ya wenzake, mpaka ikabaki pumzi, mpaka pumzi nayo ikaisha.

"Kaka," mama mmoja akamwambia kutoka mstari wa pili, wala hakuificha sauti yake, "tunaomba tuone."

Mwanangu akageuka kumtazama. Nami, Mungu anisamehe, nikageuka kumtazama mwanangu. Bega moja la suti yake lilikuwa limeshuka. Mkono wake ulipapasa nyuma, ukatafuta ukingo wa kiti, ukaukosa, ukautafuta tena.

Nilipokumbuka kazi yangu na kurudisha macho kwenye nota, ukurasa ulikuwa umekwisha kufunuliwa. Mjukuu wangu alikuwa ameufunua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, bila kudondosha nota hata moja, na wimbo wa sita ulikuwa njiani. Hakunitazama. Mkono wangu ulikuwa bado hewani, umetanguliza vidole, nami sikujua niuweke wapi.