Kibao Kirefu cha Kocha

Mume wangu anaitwa Kocha pale uwanjani, na hajawahi kumfundisha mtu kitu chochote. Jina alijipa mwenyewe, watu wakaona ubishi wa nini, wakaliacha likae. Kazini ni karani wa bima. Nyumbani ni mtazamaji wa video.

Tulianza kucheza pikoboli baada ya daktari kumwambia presha inapanda na kitambi kinaisindikiza. Mchezo wenyewe hauna makuu: mpira wa plastiki wenye matundu, neti fupi, kila mtu na kibao chake cha kupigia mkononi, wawili upande huu, wawili upande ule. Alikataa kwenda peke yake. "Mama watoto, twende wote, mwenzio naona aibu," akaniambia, nami nikafunga saluni mapema nikaenda. Niseme ukweli, niliupenda mchezo ule kwa sababu moja tu. Siku nyingine zote mimi na yeye tunapishana mlangoni kama wapangaji. Jumamosi ndiyo tulikuwa upande mmoja. Akikosa mpira, naufukuzia mimi. Nikipiga vizuri, ananigonga kiganja na kucheka meno yote nje. Nilikuwa naisubiri Jumamosi, mtu mzima mimi, na mjukuu juu.

Halafu akagundua kwamba vibao vina maumbo.

Loo, tulikoma! Chai mezani, maumbo. Nguo kwenye kamba, maumbo. Kirefu chembamba ni cha mshambuliaji: kinafika mbali na kinapiga kwa nguvu, ila usipoupata mpira katikati yake, unakwenda kwa jirani. Kifupi kipana ni cha mlinzi, kinakusamehe hata ukikosea kidogo. Na kipo cha katikati, ambacho kwa maelezo yake ni cha watu wasiojijua. "Kibao lazima kiendane na mchezo wako," alisema, kidole juu, "na mchezo wako ndio tabia yako." Akaanza kutupima mmoja mmoja kwa jicho. Dada yake, yaani wifi yangu, dereva wa lori mwenye mkono wa kuvunja tofali, akaambiwa yeye ni wa kipana. Mimi pia kipana.

"Mimi mlinzi kwa lipi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu unarudisha kila kitu."

"Narudisha unavyovikosa wewe."

"Si ndiyo hivyo? Mlinzi."

Yeye, bila shaka, mshambuliaji. Jamani! Mtu anayefunga kamba za kiatu cha kulia, anapumzika, ndipo aanze cha kushoto. Akanunua kirefu cheusi chenye mistari myekundu, akakivalisha mfuko wa kitambaa kama mtoto mchanga. Ugonjwa ule niliujua. Saluni kwangu unaletwa kila siku: mteja ana nywele za kuokoteza, anakuonyesha msuko wa mrembo wa kwenye simu, na asipofanana naye kosa ni lako. Nikamwacha astarehe na umbo lake.

Tena huyo mshambuliaji alikuwa hatoki jikoni. Ndivyo wanavyokiita kile kipande cha uwanja karibu na neti, ambacho ukikikanyaga huruhusiwi kuupiga mpira hewani. Nyumbani hajui chumvi inakaa wapi, lakini kule ilibidi mwamuzi amfukuze.

Sasa sikia alichonifanyia. Pale kwetu jozi haziandikwi popote. Siku ya mashindano kila mtu anaegemeza kibao chake kwenye uzio wa waya, na vibao viwili vilivyogusana ndio jozi. Filimbi ikilia, hakuna kuhama. Jumamosi ile niliegemeza changu, Kocha akaegemeza chake ubavuni, nikaenda kujaza maji. Nikiwa bombani nikageuka. Nikamwona mume wangu, kwa macho yangu haya, anakinyanyua kibao changu kwa vidole viwili, kama anayetoa panya aliyekufa, anakipeleka mwisho wa uzio. Mahali pangu akamkaribisha daktari mmoja wa meno, mchezaji mwenzetu. Kirefu kwa kirefu.

Nilirudi taratibu, chupa mkononi.

"Usikasirike, mama watoto," akawahi. "Washambuliaji wawili, nani atatuweza? Ni suala la umbo tu. Umbo la kibao chako haliendani na mchezo wangu."

"Umbo la kibao."

"La kibao, ndiyo. Siyo wewe."

Daktari wa meno akaangalia viatu vyake. Angalau yeye ana haya.

Iliniuma. Sifichi. Kuna wanaoachwa nyumbani, mlango ukafungwa, wakalia peke yao kwa heshima. Mimi naachwa kwenye uzio, mbele ya watu waliovaa kaptula! Wifi alikuwa ameona yote. Akachukua kibao chake, akakibandika ubavuni mwa changu.

"Leo sina kaka," akasema, na filimbi ikalia.

Tukakutana nao mechi ya mwisho. Hatukuwa na ujanja wowote, wallahi. Mpira ukija, tunaurudisha, tena katikati yao. Washambuliaji wakaurukia wote wawili, "Wangu!" "Wangu!", vibao vikagongana kwaa, mpira ukapita zake. Tukapeleka mwingine palepale. Kocha akajikusanya, akapiga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mpira ukagonga ukingo wa kile chembamba chake na kuruka mpaka maegesho ya magari. Daktari wa meno akaanza kushika mkono wake wa kazi kwa hofu, akisogea pembeni kila Kocha anapoinua bega.

Na kila mpira ulipompita, mume wangu aligeuka nyuma kunitafuta. Mazoea. Mimi nilikuwa mbele yake, ng'ambo ya neti, namtazama akitafuta. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Tuliwashinda vibaya. Wifi akanibeba juujuu kama gunia la mkaa.

Mashindano yakiisha, watu huegemeza vibao upya wacheze kwa kujifurahisha. Nikaweka changu. Kocha akaja, shati limemganda mgongoni, ukingo wa kile cheusi umebanduka. Akakiegemeza taratibu mpaka kikagusa changu, akatoa kile kicheko chake cha meno yote.

"Haya, mama watoto. Sasa tucheze wetu."

Nikakinyanyua chake kwa vidole viwili. Nikatembea nacho mpaka mwisho wa uzio, watu wote wakiangalia, nikakiweka.

Akanifuata, sauti imeshuka. "Ni umbo la kibao, siyo?"

"Hapana, baba watoto," nikamwambia. "Ni wewe."