Ukanda wa Don Evaristo

Mwaka wa nne sasa Don Evaristo Quiñónez alikuwa akila peke yake katika nyumba ya wapangaji, jijini Mexico. Kwao alikuwa rais. Jenerali alipompindua mwaka 1949, alitoroka na nguo alizovaa tu, na kwa haraka ile akasahau kuvua ukanda wa urais uliokuwa begani, chini ya koti.

Kwao, rais anayetoka ndiye humvika ukanda anayeingia, kwa mkono wake mwenyewe. Jenerali alijishonea mwingine, na wauza ndizi sokoni wakamwita "Rais wa Cherehani".

"Rais mzima, na maharage umeyaunguza!" Doña Refugio, mwenye nyumba, alimsuta asubuhi hiyo akiinusa sufuria. "Nchi uliiongozaje, Don Evaristo?"

"Nilikuwa na mpishi, Doña Refugio."

"Ndiyo maana wakakupindua!"

Don Evaristo alicheka, lakini alipofunga mlango wa chumba chake, kicheko kilibaki nje.

Jana yake balozi mdogo wa nchi yao alikuwa amemtumia kikaratasi: aje ofisini kwake, na ukanda aje nao. Kabla ya kwenda alipita kanisani, akapiga magoti, akamwomba Mungu amwambie la kufanya. Mungu alinyamaza.

"Mheshimiwa," balozi mdogo alisema walipoketi ofisini, "mama yako yuko hospitali. Daktari hampi hata mwezi. Jenerali ana huruma: tia sahihi barua hii ya makabidhiano, uache ukanda, kesho upande ndege. Ukikataa, hutamwona tena." Akamsogezea simu. "Yuko upande wa pili. Sema naye."

"Varito?" Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Umekula?"

"Nimekula, Mama. Maharage."

"Mwongo. Wewe hata yai hujui kulichemsha."

"Mama, wameniruhusu nije. Kesho."

"Nani kakuruhusu?"

"Jenerali. Anataka nimpe ukanda."

Mama alivuta pumzi kwa shida. "Wewe ulivikwa na nani?"

"Na mzee aliyenitangulia. Watu walikuwa wamenichagua."

"Na huyu kachaguliwa na nani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi si wako wa kumpa, mwanangu."

"Lakini nataka kukushika mkono."

"Hata mimi nataka, Varito. Nataka sana. Lakini usi—"

Simu ikakatwa.

Balozi mdogo alifungua kalamu, akaiweka juu ya barua. "Haya, Mheshimiwa?"

Don Evaristo aliutazama ukanda, umekunjwa ndani ya gazeti pale mezani. Akauvuta polepole, akauweka magotini.

"Hapana," alisema.

"Basi tumemaliza. Nipe simu."

"Niachie dakika moja, tafadhali."

Upande wa pili hapakuwa na mtu, hata mlio haukuwapo. Akaigandamiza simu sikioni kwa mikono yote miwili, akaendelea kusikiliza.